Sheria ya Tangi

Mama Dobi aliporudi kutoka kupeleka mashuka alikuta mapipa yake mawili yamejaa pomoni, na kwa muda mfupi sana alifurahi. Mtu anayeishi kwa kufua nguo za wenzake hawezi kuona maji akanuna. Alitumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko, akausikia ubaridi wake, akatabasamu peke yake nyuma ya pazia. Kisha akakumbuka kwamba leo ni Jumatano.

Siku yake yeye ilikuwa Jumatatu. Nyumba ile ilikuwa na vyumba saba vilivyozunguka ua mmoja, na juu ya bafu lilikaa tangi moja ambalo lilijaa usiku, likatoa ndoo ishirini na tano mchana, basi. Kila chumba kilikuwa na siku yake. Koki ilifungwa kwa kufuli, na ufunguo ulining'inia kwenye msumari wa mlango wa mwenye zamu. Karani mstaafu wa chumba cha kwanza, ambaye ndiye aliyeshika daftari la ratiba, alipenda kusema kwamba vyumba saba na siku saba ni dalili kuwa Mungu naye aliwahi kuwa mpangaji. Chumba cha saba kilikuwa kitupu wakati ule, kwa hiyo Jumapili ilikuwa ya wote. Lakini Jumatano ilikuwa na mwenyewe, naye alikuwa Fundi Viatu wa chumba cha tatu.

"Bi Arusi!" aliita.

"Abee, mama."

Mkwe wake alitokea ameshika pasi. Alikuwa ameolewa na mwanawe, dereva wa malori ya masafa marefu, yapata mwaka sasa, na mimba yake ilikuwa ya miezi sita. Lakini nyumba ile ikishampa mtu jina haimvui, kwa hiyo alibaki kuwa Bi Arusi.

"Maji haya yametoka wapi?"

"Kwenye tangi."

"Najua hayakutoka mbinguni. Leo siku ya nani?"

Bi Arusi aliweka pasi chini. "Ya Fundi Viatu. Lakini hawapo, mama. Alfajiri mkewe alizidiwa na tumbo, wakapakiana kwenye pikipiki wakaenda hospitali. Ufunguo ukabaki msumarini. Nikajua lazima watamlaza. Na tangi likilala na maji, usiku linafurika, yote yanamwagika mtaroni bure. Wewe mwenyewe jana ulilalamika mashuka ya nyumba ya wageni yamezidi. Nikasema leo nikuondolee mzigo."

"Umechota ndoo ngapi?"

"Zote."

"Na tumbo hilo?"

"Nilikuwa nabeba nusu nusu."

Mama Dobi alikaa juu ya beseni lililopinduliwa. Alitaka kugomba, na maneno ya kugombea alikuwa nayo mengi, maana hayakuwahi kumpungukia. Lakini msichana alikuwa amekwenda na kurudi mara hamsini na mtoto tumboni ili amfurahishe mama mkwe, na sasa alisimama pale akingoja kushukuriwa. Mama Dobi alimwambia tu akapumzike.

* * *

Hawakumlaza. Kabla ya adhuhuri pikipiki ilisimama nje, na Fundi Viatu akaingia uani akimkokota mkewe kwa makwapa. Hospitali walikuwa wamemtundikia dripu, wakampa dawa na maagizo: anywe maji mengi yaliyochemshwa, na asafishwe kila mara. Njiani tumbo lilikuwa limemshinda tena. Alikuwa amefungwa shuka kiunoni, na alifunika uso kwa mkono asionekane na majirani, kama vile uso ndio uliokuwa na aibu.

Fundi Viatu alimlaza chumbani, akatoka na ndoo, akafungua kufuli. Koki ilikohoa, ikatoa matone mawili, ikanyamaza. Alifunga akafungua. Alipiga bomba kwa kiganja. Alirudi nyuma hatua tatu akalitazama tangi, akalizunguka kutafuta mahali lilipopasuka. Alichukua ndoo yake akaanza kupita mlango kwa mlango.

Mama Mapacha wa chumba cha nne alimpa jagi moja, kwa sababu ndilo alilobakiwa nalo. Madada wawili wauza mitumba wa chumba cha tano walikuwa sokoni. Fundi akafika chumba cha pili, kwa Mama Dobi.

"Hodi, mama."

"Karibu, baba."

"Mama, naona haya hata kusema. Tangi kavu, sijui limetoboka. Mgonjwa amejichafua, nashindwa hata kumwosha. Nikopeshe ndoo moja tu. Jumatano ijayo nitakurudishia."

Mama Dobi alipokea ndoo. Alikwenda nyuma ya pazia, akazamisha kopo kwenye pipa, akajaza. Maji yalifurika yakammwagikia miguuni. Bi Arusi alikuwa amekaa kitandani, amejiziba mdomo kwa upande wa kanga.

"Hii hapa. Na usinirudishie."

"Mungu akuzidishie, mama. Isingekuwa wewe katika nyumba hii, sijui." Mtu mzima yule, mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, aliinama kabisa.

"Amina," alisema Mama Dobi.

Katika maisha yake alikuwa amesingiziwa, amepunjwa, ametukanwa mbele ya watoto, na yote hayo aliyabeba. Lakini kushukuriwa kule kulimuuma asijue aweke wapi mikono. Angempelekea ndoo nyingine kumi pale pale, ila angeulizwa amezitoa wapi siku ya Jumatano.

* * *

Mumewe, Kinyozi, alikuja kula saa nane kama kawaida. Alikuwa na kibanda chenye kioo kimoja na kiti kimoja, mahali ambapo watu walikuja zaidi kuzungumza kuliko kunyolewa, na nyumba iliendeshwa na mikono ya mkewe. Hilo alilijua, na alilisema mwenyewe kabla hajasemwa. Alipoelezwa mambo yalivyo aliacha kutafuna.

"Kuna aliyeona?"

"Hapana, baba," alisema Bi Arusi. "Watu wote walikuwa wameshatoka."

"Basi funika kombe mwanaharamu apite. Maji hayana alama. Nani atasema haya ya Jumatatu, haya ya Jumatano?"

"Nimempa ndoo moja ya maji yake mwenyewe, akaniombea dua," alisema Mama Dobi.

"Dua ni dua. Ipokee."

"Ninaona Karani ameshaitisha kikao jioni. Watatafuta mtu."

"Watafute. Mke wangu, hebu sikiliza. Ukisema, adhabu ni ngapi?"

Wote waliijua. Sheria ya nne ya daftari ilisema atakayechota zamu ya mwenzake atakosa zamu tatu, na zamu hizo apewe aliyechotewa. Karani alikuwa amependekeza zamu moja. Mama Dobi ndiye aliyesimama akasema zamu moja ni kumbembeleza mwizi, iwe tatu, akapigiwa makofi. Zamu tatu zilikuwa wiki tatu. Na meneja wa nyumba ya wageni alikuwa amekwisha mwonya: mashuka yachelewe mara moja tu, kuna mtu ana mashine ya kufulia pale njia panda, anangoja nafasi. Kazi ya mashuka ndiyo iliyolipa kodi ya chumba, na ndiyo iliyokuwa ilipe gari siku Bi Arusi atakaposhikwa na uchungu.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," alisema Kinyozi. Alipoona mkewe anavyomtazama, akaongeza upesi, "Nasema tu."

Bi Arusi alikuwa ameanza kulia, lakini alilia kwa hasira. "Mama, mimi naomba kuuliza. Hiyo sheria mliipatana lini? Mimi nilikuwepo? Kuna mtu aliniita akaniambia, Bi Arusi, unaonaje? Nilikuta kufuli liko pale. Mnaniadhibu vipi kwa ahadi ambayo sikuitoa?"

"Umekaa hapa mwaka. Kila Jumatatu unaamka unakuta tangi limejaa, hakuna aliyeligusa. Uliwahi kuuliza kwa nini?"

"Nilikuwa na mahali pengine pa kwenda kuchota, mama?"

Lilikuwa swali la haki, na Mama Dobi hakuwa na jibu lake. Aliondoa sahani kabla mumewe hajamaliza kula.

* * *

Jua lilipopungua makali, watu walitoka na viti na vigoda vyao uani. Karani alikuja na daftari limefungwa kwa mpira. Alikuwa mtu wa taratibu. Hata chafya aliitanguliza kwa kuomba radhi. Madada wa mitumba walikaa ngazini. Mama Mapacha alikuja na mapacha. Fundi Viatu alisimama karibu na mlango wake ili amsikie mgonjwa. Wa mwisho kufika alikuwa Kapera wa chumba cha sita, kijana mpakia saruji ghalani, vumbi jeupe limemjaa mpaka kwenye kope.

Hakuketi. Alipoona macho yanavyomgeukia alielewa kikao kinahusu nini.

"Mimi tena?" alisema.

"Hakuna aliyekutaja," alisema Karani.

"Ila mnanitazama."

Dada mkubwa wa mitumba hakuwa mtu wa kuzunguka. "Mwaka jana ulichota siku ya Jumanne, siku yetu sisi. Mkono uliozoea kuonja hauachi."

"Nilitoka saa kumi na moja asubuhi. Nimerudi sasa hivi."

"Saa kumi na moja giza. Nani alikuona ukitoka?"

Kapera aliuendea mlango wake, akaufungua wote, akasimama pembeni. "Ingieni." Mtu hakuinuka. "Nasema ingieni mtazame!" Mama Mapacha alichungulia kwa niaba ya wote. Kulikuwa na kitanda, ndoo tatu zilizolaliana, kavu, na shati moja limeanikwa kwenye kamba.

"Huenda ameyauza," alisema dada mdogo, lakini kwa sauti ndogo.

Kapera alirudi katikati ya ua. Hakupaza sauti.

"Mara ile nilichota kweli. Ndoo mbili. Mkaninyima Alhamisi tatu. Nilikuwa narudi kama mnavyoniona hivi, najipangusa kwa kitambaa, nalala nawashwa. Nilimtukana mtu? Nilivunja kufuli? Sikuvunja, maana kosa lilikuwa langu, na nilijua nikimaliza zamu zangu tatu, Alhamisi yangu itakuwa salama kama ya mtu mwingine yeyote. Sasa leo mnataka kunipa kosa la mwenzangu. Sawa. Nyie ni wengi. Lakini kama nikichota naadhibiwa, na nisipochota naadhibiwa, bora nichote. Kufuli lile linazuia nini? Teke moja tu."

Karani alivua miwani akaifuta. Mle chumba cha tatu mgonjwa alikohoa.

Mama Dobi alikuwa amekaa kati ya mumewe na mkwewe. Kinyozi alimshika kiwiko, si kwa nguvu, akakibana kidogo. Alijua maana yake: nyamaza, mke wangu, kijana ana mabega mapana, zamu tatu hazitamuua. Mama Dobi aliwaza mashuka. Aliwaza gari la kwenda hospitali usiku wa uchungu. Kisha akamtazama yule kijana aliyesimama na mlango wake wazi, chumba chake chote kikionekana na kila mtu, akajisikia vibaya vile ambavyo hakuwahi kujisikia. Alikitoa kiwiko chake mkononi mwa mume, akasimama.

"Maji yako kwangu."

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni mzaha.

"Yako kwangu, nyuma ya pazia, mapipa mawili. Yalichotwa asubuhi. Na mimi nilijua tangu kabla ya adhuhuri."

"Nilichota mimi," alisema Bi Arusi, akainuka naye. "Mama hakuwepo. Nilidhani mgonjwa atalazwa."

Dada mkubwa alipiga makofi mara moja. "Yarabi! Mkuki kwa nguruwe mtamu!" Hakuna aliyemalizia, maana kila mtu aliyajua yaliyobaki.

Fundi Viatu alishuka polepole kutoka mlangoni kwake. "Mama, mbona ulinipa ndoo?"

"Nilikupa ndoo ya maji yako, baba. Ukaniombea dua nikaitikia. Hilo ndilo baya zaidi."

Mzee alisugua paji la uso. Alikuwa amechoka, na watu waliochoka husamehe haraka. "Basi yaishe. Binti ni mjamzito, alikuwa anasaidia. Mke wangu ameshaoshwa. Mimi nasema yaishe."

"Yaishe!" alidakia Kinyozi. "Maneno ya mtu mzima hayo! Jamani, maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayajamwagika, yako kwenye mapipa yako," alisema Mama Mapacha, na watu wakacheka, hata Karani. Kikao kilikuwa karibu kuvunjika kwa kicheko hicho. Vigoda vilianza kuinuliwa.

"Yakiisha, yaishe," alisema Kapera. "Ila na mimi mnirudishie Alhamisi zangu tatu."

Vigoda vikashuka tena.

"Hakuna cha kuisha," alisema Mama Dobi. "Sheria ile niliipika mwenyewe, nitaipakua mwenyewe. Zamu tatu ni zamu tatu. Na wewe kijana, mwaka jana ulipohukumiwa nilirudia kwamba mwizi habembelezwi, nikikutazama wewe usoni. Leo nakuomba radhi mbele ya watu hawa hawa."

Kapera aliitikia kwa kichwa mara moja, vumbi likadondoka, na mwishowe akaketi.

* * *

Karani alikuwa ameshaandika adhabu na kupiga mstari chini yake alipouona mkono wa Bi Arusi umeinuliwa kama wa mwanafunzi.

"Sikatai adhabu," alisema. "Lakini nataka kujua. Nani waliokubali sheria hii? Tusomee."

Karani aliona ombi hilo ni heshima kwa daftari lake. Alifungua ukurasa wa kwanza, akapeleka kidole kwenye saini. Saini saba. Ya kwanza yake. Ya pili ya Mama Dobi. Ya tatu ilikuwa ya mwalimu aliyehama zamani. Ya nne ya mzee mmoja ambaye sasa alikuwa marehemu. Ya tano alihama, ya sita alihama, ya saba alifukuzwa na mwenye nyumba. Kidole kilipofika chini kilibaki palepale.

"Wawili tu," alisema, kana kwamba amekuta daftari lake limeliwa na mchwa.

"Kumbe hata sisi hatukusaini," alisema dada mdogo.

"Mimi nilikuta imebandikwa," alisema Fundi Viatu.

"Na mimi mkaniadhibu nayo!" alisema Kapera, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Basi kwa nini ulikubali?" Bi Arusi alimwuliza. Aliuliza kwa kutaka kujua kweli. "Mtu hakukuuliza. Hukuweka saini. Kwa nini ulikaa Alhamisi tatu?"

Kapera alifikiri. "Nilikopanga zamani hakukuwa na zamu. Aliyewahi alichota, mwenye misuli alichota, mimi wa kurudi jioni nilikuta tope. Hapa, Alhamisi ya kwanza nilirudi nimechelewa, nikasema leo pia nalala mchafu. Nikafungua koki. Yote ishirini na tano yalikuwepo. Watu wazima, wenye watoto, walikuwa wamepita hapo siku nzima na ndoo kavu, hakuna aliyegusa." Alilitazama tangi. "Sijawahi kuona kitu kama kile. Ile ndiyo saini yangu, nadhani."

Mama Dobi aligeuka kumtazama mkwewe, kwa maana hilo ndilo jibu alilokuwa amelikosa mchana. Lakini Bi Arusi alikuwa bado hajamaliza.

"Imetosha kwako, kwangu bado," alisema. "Mimi nataka niulizwe."

"Haya," alisema Karani, na akafungua ukurasa mweupe. "Unaulizwa. Unaonaje?"

Msichana hakutegemea kuulizwa upesi hivyo. Alivuta kanga yake. "Naona zamu tatu ni nyingi mno. Mama asingeficha kama ingekuwa moja. Adhabu ikiwa kubwa namna hiyo, mtu hafikirii tena alichokosa, anafikiria kujificha tu. Anayesema mwenyewe siku hiyo hiyo, akose moja. Anayefumaniwa, tatu."

"Na mwenye zamu akipatwa na shida je?" aliuliza Mama Mapacha. "Leo ufunguo ulikaa msumarini, na mimi nilipita nikauona. Sikuchota, lakini pia sikumchotea mtu. Sisi sote tulikuwa watu wema na Fundi akakosa maji."

Walibishana mpaka taa ya uani ikawashwa. Walikubaliana kwamba mwenye zamu akiuguliwa au akifiwa, jirani wa mkono wa kulia atachota kwa niaba yake, ajaze pipa la mwenyewe, asionje hata kikombe. Wakakubaliana na zamu moja kwa anayekiri.

"Inaanza lini hiyo?" aliuliza Kinyozi, akijifanya hana haraka.

"Kesho asubuhi," alisema Karani.

"Isingeweza kuanza leo asubuhi?"

Safari hii hata Mama Dobi alicheka. Kisha Karani alipitisha kalamu. Kapera aliandika jina lake kwa herufi kubwa. Fundi Viatu alisaini mara mbili, moja ya mgonjwa. Kalamu ilipomfikia Bi Arusi aliishika kwanza.

"Nikikataa, mtanifukuza?"

"Sisi si wenye nyumba," alisema Karani. "Ukikataa utatuambia unataka nini badala yake, nasi tutakaa hapa kukusikiliza mpaka kunakucha."

Alisaini. Kisha watu watatu wa chumba cha pili walibeba maji ya mapipa yao, ndoo kwa ndoo, wakayavusha ua hadi chumba cha tatu, na majirani wote wakitazama. Kinyozi alibeba nyingi zaidi na kulalamika zaidi. Hiyo ilikuwa safari ndefu kwa ua wa hatua kumi na tano.

* * *

Mama Dobi alikwenda kwa meneja wa nyumba ya wageni na mashuka machafu kama alivyoyachukua, akamweleza kweli yote. Meneja alimsikiliza huku akibofya simu. Alisema yeye anafanya biashara, hana habari na matangi ya watu. Nusu ya mashuka atampa mwenye mashine. Nusu atamwachia, kwa sababu mwenye mashine alikwisha poteza foronya nne akasingizia panya.

Nusu haikutosha, lakini haikuwa sifuri. Mama Dobi aliifua kwenye bomba la mbali la barabara ya nne, akipanga foleni kuanzia alfajiri, na Kinyozi akabeba mabunda kichwani huku wateja wake wakimwuliza kama amebadilisha kazi. Alijibu kuwa amepandishwa cheo. Jioni mgongo ulimuuma, na mkewe akamkanda bila kuombwa, jambo ambalo lilikuwa halijatokea kwa miaka.

Jumatatu ya kwanza ya adhabu ufunguo haukuning'inia mlangoni kwao. Ulikuwa kwa Fundi Viatu, kama sheria ilivyotaka. Lakini Fundi alikuwa amempeleka mkewe kuangaliwa tena, na jirani wa mkono wa kulia wa chumba cha tatu ni chumba cha pili. Kwa hiyo saa tatu asubuhi Bi Arusi alikuwa kwenye koki, akijaza ndoo nusu nusu, akizipeleka kwenye pipa la Fundi. Mlango wa kwao ulikuwa wazi, pazia limesogezwa, na mapipa yao mawili yalionekana yamegeuzwa chini juu. Uani hapakuwa na mtu mwingine.

Mlango wa chumba cha saba ulifunguliwa. Kilikuwa kimepata mpangaji usiku wa jana, mwanamke aliyevalia sare ya kazi ya usafi, macho mazito kwa kukosa usingizi. Alikuwa na ndoo mkononi.

"Habari za asubuhi, dada. Naona maji yapo. Nigawie kidogo na mimi."

"Salama. Karibu sana kwenye nyumba. Siyo yangu haya, ndugu yangu, namchotea mwenyewe." Bi Arusi alifunga koki ili waelewane. "Hapa kuna zamu. Chumba chako ni Jumapili."

"Jumapili! Leo Jumatatu. Nani kaamua hivyo? Mimi sikuambiwa."

"Hukuambiwa, kweli. Jioni Karani akirudi tutakaa, akusomee yote. Neno usilolitaka utalisema, tutakusikiliza, ndipo usaini. Nimechelewa kukwambia, nisamehe."

Mwanamke aliangalia milango iliyofungwa, akateremsha sauti. "Na ndoo moja tu sasa hivi? Hakuna mtu."

"Hakuna," alikubali Bi Arusi. "Nenda chumba cha nne, kuna Mama Mapacha anaamka saa hizi. Mwombe ya kwake, anatoa."

Mwanamke hakuondoka. Alimtazama mjamzito yule aliyelowa hadi magotini, akatazama pipa la Fundi linalokaribia kujaa, akatazama mapipa makavu nyuma ya pazia. Kuna kitu hakikuingia akilini mwake.

"Na ninyi je, dada? Zamu yenu lini?"

Bi Arusi aliinua ndoo ya nusu, akaiweka sawa kiunoni.

"Zamu yetu ni leo," alisema, na akaenda kuimimina kwenye pipa la jirani.